Kamelia zinachanua kwenye baridi, kwa hiyo na benchi liwe la baridi

Mi nimekulia Mufindi, mama alikuwa mchuma chai, kwa hiyo siku ya kwanza kuiona kamelia huku Plymouth, kusini magharibi ya Uingereza, haikuwa na ua hata moja na bado nikasimama nikashika jani. Gumu, linang'aa, pembeni lina meno meno, nikasema hii si chai hii? Na kweli ni ndugu kabisa, chai tunayokunywa ni Camellia sinensis, ukoo ni ule ule, ila ua la chai ni dogo jeupe, na hizi za bustani zinatoa maua makubwa mapinki na mekundu. Tangu siku hiyo nikazipenda.

Sa hivi ninazo mbili. Ya pinki inaitwa Donation, nyekundu inaitwa Adolphe Audusson, na zote zinachanua kuanzia mwezi wa pili au wa tatu, wakati miti mingine imebaki vijiti vitupu. Ile nyekundu mwanzo niliipanda upande wa mashariki nikidhani naisaidia ipate jua mapema. Kosa kubwa. Usiku matumba yanaganda kwa sakitu, asubuhi jua linayapiga ghafla, yanageuka kahawia na kudondoka, niliumia sana mwaka ule. Nikaihamishia upande wa magharibi ikapona. Na kitu kingine, matumba ya mwakani yanajitengeneza kiangazi, kwa hiyo mwezi wa saba mpaka wa kumi usiache udongo ukauke, ukisahau kumwagilia mwezi wa nane utakuja kulipa kwenye baridi. Udongo uwe wa tindikali, na kama uko London au Kent ambako maji ya bomba yana chokaa nyingi kinga maji ya mvua, weka pipa tu chini ya mfereji wa paa.

Haya, benchi. Watu wengi wanatengeneza benchi la kiangazi halafu wanashangaa mbona hawakai nje kamelia zikichanua, jamani utakaaje wakati mbao zimelowa wiki nzima? La kwangu la kwanza lilikuwa hivyo hivyo, mbao za paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, nimezibananisha, miguu imekaa kwenye udongo, maji yanatuama juu, baridi mbili tu miguu ikaoza. La pili nimelifanya kwa ajili ya mvua. Kati ya ubao na ubao nimeacha nafasi ya sentimita moja, kikalio kimeinama kidogo kwenda mbele maji yateremke, kila mguu nimeuwekea tofali chini, na ile sehemu ya mguu iliyokatwa na msumeno, ambako ndo maji yanaingilia, nimeipaka mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, mara tatu nne mpaka ikagoma kunywa. Skrubu za chuma kisichoshika kutu, na toboa kwanza na drili maana mbao za paleti zinapasuka upesi. Urefu wa kukalia sentimita 45 unatosha. Ukiokota paleti angalia muhuri, HT maana yake mbao zimetibiwa kwa joto, hizo chukua, zenye MB ziache kabisa maana zimepigwa dawa ya sumu.

Nimeliweka hatua mbili kutoka kwenye miti, pale jua la mchana linapofika hata mwezi wa pili, nikifuta na kitambaa kidogo nakaa na kikombe changu, koti mwilini, na maua yako usawa wa uso.

Kupunguza matawi fanya mara tu maua yakiisha, usichelewe, utakata matumba ya mwakani. Donation inadondosha maua yenyewe, yakiangukia benchini nayaacha mpaka jioni kwa sababu yanapendeza mno, ila yakianza kuwa kahawia yaokote na uyatoe bustanini kabisa, usiyaache chini ya mti, kuna ukungu unaojificha humo unarudi kuyaharibu mwaka unaofuata.