Django 6.0 imetoka: sisi tuliobaki kwenye 4.2 twende wapi?

Ndugu yetu wa Arua ameuliza hivi: SACCO yao inatumia mfumo ulioandikwa kwa Django 4.2 (Django ni kiunzi cha kuandikia mifumo ya wavuti kwa lugha ya Python), Django 6.0 ilitangazwa Desemba 2025, na kijana wao wa kompyuta anataka warukie 6.0 moja kwa moja "ili tusiachwe nyuma". Wengi mmemjibu kwa neno moja, ruka au usiruke. Kazi yangu hapa Kampala ni kutunza mifumo ya aina hiyo hiyo, SACCO kadhaa na shule moja ya bweni, na karibu yote niliirithi kwa watu walioiandika wakaondoka. Kwa hiyo mniwie radhi, nitajibu kwa urefu. Kwa kifupi: nendeni 5.2, ya 6.0 iacheni kwanza, na tangazo la toleo lolote jipya lisomeni kuanzia chini.

Kwanza kalenda, maana ndiyo inayoamua mambo haya kuliko uhodari wa mtu. Django hutoa toleo kubwa takriban kila miezi minane. Yale yanayoishia na .2 ndiyo ya muda mrefu, yale wanayoyaita LTS, na hutunzwa kwa miaka mitatu. Toleo 4.2 lilitoka Aprili 2023, kwa hiyo mwisho wake ulipangwa Aprili 2026. Toleo 5.2 lilitoka Aprili 2025 na litapata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Sasa 6.0 si ya muda mrefu. Ratiba yake ya usalama inaishia Aprili 2027. Umeona? Anayekimbilia namba kubwa anarudi kwenye kazi hii hii mwaka mzima kabla ya mwenzake aliyetulia kwenye 5.2. Kijana wenu ana ari nzuri, ila kwenye pesa za watu kuachwa nyuma maana yake ni kutumia toleo lisilozibwa matundu tena. Toleo lenye namba ndogo ambalo bado linatunzwa halina aibu yoyote.

Halafu seva. Django 6.0 inadai Python 3.12 kwenda juu. Seva nyingi ninazokutana nazo zina mfumo wa uendeshaji wa Ubuntu 22.04, ambayo huja na Python 3.10. Django 5.2 inaikubali 3.10 bila maneno, na kama mnatumia hifadhidata ya PostgreSQL, inataka 14 kwenda juu, ambayo ndiyo iliyomo humo humo kwenye 22.04. Kwa hiyo wenye 22.04 wanaweza kufika 5.2 bila kugusa mfumo wa uendeshaji. Wenye 20.04, hapo hamna ujanja, badilisheni seva kwanza: Python yake ni 3.8, ambayo hata Django 5.0 haiitaki.

Sasa hilo la kusoma kutoka chini. Juu ya tangazo ndiko wanakoweka mapambo, vitu vipya vya kufurahisha. Chini kuna orodha ya vilivyoondolewa, na hapo ndipo mfumo wako unapovunjikia. Mtu anayetoka 4.2 kwenda 5.2 asome sehemu hiyo ya matoleo matatu: 5.0, 5.1 na 5.2. Wenyewe wenye Django wanashauri kupanda ngazi moja moja, na mimi sijawahi kuona faida ya kuruka. Nitataja vitatu tu ambavyo nimevikuta kwenye mifumo ya watu, maana vinafanana na hali zetu.

Cha kwanza ni kutoka kwenye akaunti. Templeti nyingi za zamani zina kiungo cha kawaida kilichoandikwa "Ondoka", mtu anabofya, LogoutView (sehemu ya Django inayomtoa mtu) inapokea ombi la GET, lile la kufungua ukurasa tu, anatolewa. Tangu 5.0 hilo limeondolewa, inapokea POST pekee, ombi linalotumwa na fomu. Ukipanda bila kurekebisha, karani wa dirishani anabofya Ondoka anapata ukurasa wa kosa 405. Yeye hajui 405 ni nini. Anafunga kivinjari, anachukua mkoba, anakwenda zake. Kumbe bado yumo ndani! Django kwa kawaida yake huacha kuki ya kikao iishi wiki mbili, na kufunga kivinjari hakuiui. Anayekalia kiti hicho kesho asubuhi anaingiza malipo kwa jina la karani wa jana. Kwenye SACCO hilo si jambo dogo, kuna watu wamegombana na kuitana wezi kwa mambo madogo kuliko hayo. Dawa yake ni fupi: badala ya kiungo weka fomu ndogo yenye method="post", tokeni ya CSRF ndani yake (alama ya siri inayothibitisha kwamba ombi limetoka kwenye ukurasa wenu), na kitufe. Ukitaka kionekane kama kiungo, CSS ipo.

Cha pili ni saa, na hiki ndicho kinachonifanya nimwambie kila mtu apande kwanza kwenye nakala. Hadi 4.2, kama settings.py, faili ya mipangilio ya mradi, haina mstari wa USE_TZ (unaoamua kama Django ifuate kanda za saa), Django iliuhesabu kuwa False. Kuanzia 5.0 inauhesabu kuwa True. Mradi unaoanzishwa kwa startproject huwa na mstari huo tayari, kwa hiyo wengi hawaguswi. Lakini mmoja wa miradi niliyorithi, aliyeuandika alikuwa ameufuta, na hifadhidata yake ni MySQL. MySQL ilikuwa imehifadhi saa za Kampala bila alama yoyote. Nakala ya majaribio ilipopanda kwenda 5.0, Django ikazisoma zile saa zote kama UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), kisha ikaongeza tatu ili kutuonyesha saa ya hapa. Mwanachama aliyelipa marejesho kwa simu saa nne na nusu usiku, siku ya mwisho wa mwezi, sasa anaonekana amelipa saa saba na nusu usiku, tarehe mosi. Mwezi umegeuka, na mfumo unamdai faini ya kuchelewa. Malipo yote ya zamani yaliyofanyika kuanzia saa tatu usiku yalihamia siku ya pili, na watu wetu hulipa usiku, wakishafunga duka na kuhesabu.

Ukiwa na PostgreSQL hili halikupati kwa namna hiyo, maana yenyewe huugeuza wakati kuwa UTC inapouhifadhi. Ukiwa na MySQL au SQLite, fungua settings.py leo. Kama mstari haupo, andika USE_TZ = False kwa mkono wako, kisha ndipo upande. Kugeuza data iende UTC ni kazi nyingine, ifanyeni kwa mpango siku nyingine, msiichanganye na kupandisha toleo. Na mkija kuigeuza, MySQL itawataka mpakie majedwali yake ya kanda za saa, la sivyo vichujio vya tarehe havitafanya kazi. Kama msimbo wenu unaita pytz, maktaba ya zamani ya kanda za saa, hapo hapo kwenye 5.0 Django imeachana nayo. Tumieni zoneinfo, ambayo imo ndani ya Python yenyewe, jina la ukanda linabaki lile lile Africa/Kampala.

Cha tatu ni kibaya kwa sababu hakipigi kelele. DEFAULT_FILE_STORAGE na STATICFILES_STORAGE, mistari ya settings.py inayosema faili zihifadhiwe wapi, ziliondolewa kwenye 5.1, mahali pake kuna STORAGES. Ukiacha majina ya zamani hupati kosa lolote, yanapuuzwa tu. Kama mlikuwa mnapeleka picha za vitambulisho vya wanachama kwenye hifadhi ya mbali, zitaanza kuandikwa kwenye diski ya seva kimya kimya, na utagundua siku diski ikijaa. Au siku seva ikifa nazo.

Vilivyobaki havina uzito huo. Amri ya python -Wa manage.py test itakuonyesha maonyo yote ya vitu vinavyokaribia kuondolewa. Endesha ukiwa bado kwenye 4.2, rekebisha, panda ngazi moja, endesha tena. Kuna zana iitwayo django-upgrade ya Adam Johnson inayokuandikia upya sehemu za msimbo zilizopitwa na wakati. Naitumia na inaniokolea muda, ila soma ilichobadilisha kabla ya kukubali. Kama mradi hauna majaribio hata moja (na mingi ya kurithi ndivyo ilivyo), andika machache ya njia za pesa tu: kuweka, kutoa, mkopo, marejesho. Kisha chukua jumla ya kila siku ya miezi michache kabla na baada ya kupanda, uzilinganishe. Shilingi moja ikitofautiana, simama.

Aliyeuliza kama 6.0 inaondoa haja ya Celery (programu ya nje inayotekeleza kazi za nyuma, zile ambazo mtumiaji hazisubiri): hapana, na hili limeenea vibaya. Ni kweli 6.0 imeleta mfumo wake wa kazi za nyuma. Unaweka alama ya @task juu ya fanksheni, unaita enqueue, kazi inaingia foleni. Lakini vifaa viwili vilivyokuja nao ni vya kutengenezea na kujaribia tu: kimoja kinafanya kazi papo hapo, kingine hakifanyi chochote. Ni kituo cha boda kilichojengwa vizuri, abiria wamejipanga, na boda hakuna hata moja. Wa kuzibeba kazi hizo inabidi umlete mwenyewe kutoka nje. Kama SMS zenu za kukumbusha marejesho zinatoka kwa cron (programu ya seva inayoendesha kazi kwa ratiba) saa mbili asubuhi na zinafika, muacheni cron apumue. Mambo mengine ya 6.0 ni mazuri: ulinzi wa CSP, unaozuia kivinjari kuendesha msimbo wa kigeni, sasa umo ndani, na templeti zinaweza kukatwa vipande ndani ya faili moja, jambo ambalo wapenzi wa HTMX (maktaba ya kubadilisha sehemu tu ya ukurasa) wamelisubiri. Mtayakuta yote kwenye 6.2 mkifika. Angalizo kwa wanaong'ang'ania kwenda: 6.0 imebadilisha aina ya ufunguo wa kawaida (ile safu ya id ya jedwali) kuwa BigAutoField, namba yenye nafasi kubwa zaidi. Kama hukuandika DEFAULT_AUTO_FIELD kwenye settings.py, makemigrations (amri inayoandaa mabadiliko ya hifadhidata) itataka kugeuza safu ya id ya karibu kila jedwali. Kwenye jedwali kubwa la miamala hiyo si kazi ya kufanya dirisha likiwa wazi.

Sasa pesa, kwa sababu najua mwenyekiti wa bodi atauliza: "Mfumo unafanya kazi, tulipe tena kwa nini?" Msimweleze habari za templeti. Mwonyesheni tarehe ambayo 4.2 inaacha kupata marekebisho ya usalama, kisha mkumbusheni Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Inamtaka anayeshika taarifa za watu achukue hatua zinazofaa kuzilinda, na zikivuja, atoe taarifa. SACCO ina majina, namba za simu, vitambulisho, madeni ya watu. Bodi niliyoielezea hivyo ilielewa haraka kuliko nilivyotarajia, na mweka hazina ndiye aliyeanza kuuliza itagharimu kiasi gani. Na leseni ya Django ni bure, jambo ambalo bodi husikia vibaya, hudhani basi na kazi ni bure. Kuna watu wachache wanaolipwa na Django Software Foundation, waliobaki wanajitolea. Mnayemlipa ni fundi wenu na muda wake.

Kwa mlio mbali na intaneti nzuri: msipakue vifurushi mkiwa kwenye seva usiku wa kupandisha. Tafuta mahali penye mtandao, endesha pip download na faili yako ya requirements (orodha ya vifurushi vya mradi), kwa toleo lile lile la Python na mfumo ule ule wa seva, weka kwenye flashi. Ukifika, pip install na --no-index na --find-links, haiguswi hata kilobaiti ya bando. Django yenyewe ni kama megabaiti 8 tu, vifurushi vingine ndivyo vinavyovimba.

Jambo la pembeni, mtu aliuliza juu kule kama paneli ya usimamizi inaweza kuwa kwa Kiswahili. Inaweza, andika LANGUAGE_CODE = 'sw'. Tafsiri haijakamilika, utakuta Kiingereza kimechomoza hapa na pale, na Luganda haimo. Baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi hapa Julai 2022, sisi wenyewe tunaojua kazi hii ndio wa kumalizia hizo sentensi. DjangoCon Africa imeshafanyika Zanzibar 2023 na Arusha 2025, kwa hiyo visingizio vya "hayo mambo ya Wazungu" vimepungua.

Ndugu wa Arua, ukitaka tukuangalizie, bandika hapa requirements zenu, matokeo ya ile amri ya -Wa, na useme ni MySQL au PostgreSQL. Settings nazo bandika, ila toa SECRET_KEY na nywila ya hifadhidata kwanza. Juzi kuna mtu aliziacha zote mbili.