Kabla Sijakutajia Jina la Dawa ya Kucha

Juzi usiku nilitumiwa picha ya kidole gumba cha mguu. Salamu hakuna, maelezo hakuna, ni picha tu na sentensi moja: "Dada, naona yako imepona, nitajie jina la dawa." Kucha yenyewe ilikuwa ya njano, nene, imeinuka upande mmoja, na chini yake pana unga kama wa chaki. Niliitazama sana. Ilikuwa kucha yangu ya miaka minne iliyopita, ila imeota kwenye mguu wa mtu mwingine.

Jina ninalo. Ningelituma nikalala. Sikulituma, nikamuuliza swali, na nadhani amenuna maana mpaka leo kimya. Basi haya ni majibu yake, pamoja na wote wanaoniletea picha za vidole tangu niliposema hapa kwamba nimekata kipande cha mwisho cha kucha mbovu. Ndiyo, nilijisifu. Niliisubiri siku ile kwa hamu, na ningejisifu tena.

Chanzo kilikuwa kiatu. Nilikuwa na kiatu kilichobana mbele ambacho nilikipenda kuliko kilivyonipenda. Kucha ikainuka kidogo pembeni, nikasema itashika yenyewe. Ikageuka njano, nikapaka rangi nyekundu juu yake. Kwa mwaka mzima rangi hiyo ndiyo ilikuwa matibabu yangu, na kama ungeniuliza ningekuambia sina tatizo lolote miguuni.

Kisha siku moja, ndugu tumekaa sebuleni, viatu tumeacha mlangoni na mimi nimesahau kwamba rangi imebanduka. Wifi yangu akatazama chini akasema: "Wifi, hiyo kucha au kwato?"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti kuliko wote. Halafu nikaingia chooni nikakaa humo mpaka nikasikia wameanza mazungumzo mengine. Kuanzia hapo ni soksi, hata kwenye joto la kuyeyusha nta. Nimeshamsamehe, nasema kwa dhati, lakini mnaona wenyewe kwamba sentensi yake bado naikumbuka neno kwa neno.

Miezi ya siki, kitunguu saumu na dawa ya meno nairuka. Haikunifaa wakati ule na haitakufaa wewe kuisoma.

Lililoniponza hasa ni lile lile unaloniomba. Rafiki yangu mmoja alikuwa na kucha mbovu zikapona, akanitajia jina kwa upendo kabisa: terbinafini, dawa ya fangasi, kidonge cha miligramu 250 mara moja kwa siku. Nikavipata, nikaanza kumeza. Sikupimwa kucha, sikupimwa ini. Wiki ya nne nikaikagua kucha, iko vilevile, njano na unga wake. Nikahitimisha kwamba dawa ni feki, nikaacha.

Kitu ambacho rafiki hakunieleza, kwa sababu hata yeye hakujua, ni kwamba kidonge hakisafishi kucha iliyokwisha kuharibika. Fangasi wa kucha hula keratini, yaani ile protini ngumu inayoijenga kucha, na dawa inajiingiza kwenye kucha mpya inayosukumwa kutoka shinani. Kile kipande kibovu kitabaki kibovu mpaka kisogee mbele na ukikate. Na kucha ya kidole gumba cha mguu ni mvivu: inakua takriban milimita moja na nusu kwa mwezi. Ya mkononi inakwenda karibu milimita tatu. Kwa hiyo dozi ya terbinafini kwa kucha za miguu ni wiki 12, kwa za mikono wiki 6, lakini kuiona kucha safi mguuni kunaweza kuchukua mwaka mzima au mwaka na nusu. Mimi niliitolea hukumu katika wiki ya nne.

Baadaye nilikwenda kwenye kituo kimoja cha afya. Aliyenihudumia aliitazama kucha yangu akiwa upande wa pili wa meza. Hakuinama, hakuigusa. Aliandika "fangasi" na krimu ya kupaka mara mbili kwa siku, akaita mgonjwa anayefuata. Sijui kwa nini hilo liliniuma kuliko kwato la wifi, lakini liliniuma. Krimu ya kawaida haipenyi kucha nene. Ni kama kupaka mafuta juu ya kigae ukitegemea udongo wa chini ulainike. Niliipaka miezi mitano.

Mrija ule ulileta balaa lingine. Ilikuwa krimu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, antibayotiki, na steroidi aina ya betamethasoni, zote ndani ya mrija mmoja. Mdogo wangu alikuwa na choa kiunoni, duara lenye ukingo mwekundu uliotuna na katikati pameanza kupoa. Nikamgawia, kwa mamlaka yote ya dada mkubwa. Siku mbili, muwasho umekwisha. Wiki moja, duara limefifia. Nikajiona tabibu. Akaacha, ukarudi, akapaka, ukatulia, akaacha, ukarudi mkubwa zaidi, safari hii hauna hata umbo la duara, ni wekundu tu ulioenea mpaka mapajani usiojulikana ni nini. Steroidi inazima muwasho na wekundu, yaani inauzima mwili usipigane, wakati fangasi wanaendelea kula. Na inaharibu ule mwonekano ambao daktari angeutambua kwa macho. Alikuja kupona kwa krimu ya fangasi ya klotrimazoli peke yake, isiyo na steroidi, pamoja na vidonge, baada ya mtu kumkwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini. Bado ananitania kwamba nilimtibu.

Sasa nifike kwa daktari wa ngozi, maana huko ndiko nilikopata akili.

Niliingia nikasema, "Daktari, nina fangasi wa kucha sugu." Akaniuliza swali ambalo ndilo nililomuuliza yule wa juzi usiku: "Nani alikupima akaona ni fangasi?"

Sikuwa na jibu. Miaka mitatu ya kutibu kitu, na hakuna aliyewahi kukipima. Akaniambia kwamba katika kucha mbovu zinazofika kwa madaktari, karibu nusu tu ndizo zenye fangasi. Nyingine ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaotoa magamba, nyingine ni kiatu kinachoigonga kila siku, nyingine magonjwa mengine ya ngozi yanayojitokeza kwenye kucha. Kwa macho zinafanana kiasi cha kumchanganya hata aliyesomea.

Halafu akasema nimwonyeshe mikono. Mikono sikuwa nimeitaja. Kucha ya kidole cha kati, mkono wa kushoto, ilikuwa na vitobo vidogo vidogo kama imedonolewa na ncha ya sindano. Nilishajiambia kwamba fangasi wamehama kutoka mguuni, na nilikuwa naipaka dawa ya fangasi inayopakwa kama rangi ya kucha, ya mguuni na ya mkononi kwa brashi moja. Akaniambia nisogeze nywele. Nyuma ya sikio palikuwa na magamba ambayo tangu nasoma sekondari nayaita mba.

Soriasisi. Magamba yale, vitobo vile. Haiambukizi, haitokani na uchafu, na dawa ya fangasi haiifanyi chochote.

Ya mguuni je? Hapo ilibidi kusubiri. Sampuli ya kwanza ilirudi haina kitu, na kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimepaka dawa asubuhi hiyohiyo, tena nilikata kucha fupi usiku uliotangulia ili nisionekane mchafu mbele ya daktari. Nikaambiwa niache kila dawa wiki kadhaa, niiache kucha irefuke, nirudi. Mara ya pili alikata nyuma kabisa, karibu na mpaka ambapo ubovu unakutana na uzima, akakwangua ule unga wa chini. Kwenye ncha ya mbele fangasi wengi wameshakufa, walio hai wako huko nyuma. Unga ukawekwa kwenye potasiamu haidroksaidi inayoyeyusha keratini, ukatazamwa kwa hadubini, nyuzi za fangasi zikaonekana siku ileile. Sehemu nyingine ikapelekwa kuoteshwa maabara, jibu likaja baada ya wiki nne hivi: Trichophyton rubrum, mhusika mkuu wa kesi hizi duniani.

Kwa hiyo nilikuwa na magonjwa mawili kwenye kucha mbili, na nimeyatibu kama ugonjwa mmoja kwa miaka mitatu. Mmoja kwa dozi pungufu, mwingine kwa dawa isiyomhusu.

Sikilizeni na hili sasa, maana ndiyo sababu ya kutokutuma lile jina. Terbinafini ya rafiki yangu ni dawa nzuri, mara nyingi ndiyo inayoanza kufikiriwa. Lakini kwa baadhi ya watu wenye soriasisi inaweza kuichochea. Nikakumbuka kwamba katika zile wiki nne nyuma ya sikio paliniwasha mpaka nikalala na kitambaa kichwani. Nilipomweleza daktari, aliandika kwenye faili, akanipa itrakonazoli, dawa nyingine ya fangasi, badala yake: miligramu 200 asubuhi na 200 jioni kwa wiki moja kila mwezi, miezi mitatu. Vidonge hivyo vinamezwa baada ya kula, na ukimeza dawa za kupunguza asidi tumboni vinashindwa kufyonzwa vizuri. Aliniuliza kama moyo wangu umewahi kuwa na shida, kwa sababu mwenye moyo ulioshindwa kazi hapewi. Aliniuliza kila dawa ninayotumia, maana hii inagombana na nyingi, zikiwemo baadhi za kolesteroli. Akapima ini kwanza.

Hebu niambie, hayo yote ningeyatuma vipi kwenye ujumbe wa neno moja?

Nikiwa naumwa kidonda cha kudharauliwa nilidhani tatizo langu ni kukosa dawa kali. Wengi wenu mnaniandikia hivyohivyo: "Nitajie iliyo kali." Pima, ndugu yangu. Usimeze miezi mitatu kwa kitu ambacho hakijathibitishwa. Na ukipima ikarudi haina kitu huku kucha inapiga kelele, pima tena, vizuri. Kuna aliyenitajia vidonge vya ketokonazoli kwamba ni vya bei poa. Tangu 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zimevikataza au kuvibana sana kwa sababu ya kuharibu ini. Krimu na shampuu yake ni habari nyingine. Jina la dawa bila kipimo linaweza kukupeleka huko.

Tazama pia katikati ya vidole, hasa kati ya cha nne na cha mwisho. Ngozi ikiwa nyeupe, imelowana na kubanduka, hapo ndipo ghala la fangasi lilipo. Utaitibu kucha, nao watarudi kutoka jirani. Mimi nilikuwa na ghala hilo na nilidhani ni jasho. Kausha, paka dawa ya ngozi, badilisha soksi, na kile kiatu unachokipenda kisichokupenda, achana nacho. Hata ukipona, fangasi hurudi kwa watu wengi, kwa hiyo usiniletee kiburi.

Wa utangotango, yale mabaka meupe au ya kahawia kifuani na mgongoni: huyo ni fangasi wa aina nyingine, na vidonge vya terbinafini havimgusi. Dawa ya kuoshea na ya kupaka inatosha wengi, ila rangi ya ngozi inachelewa kurudi miezi, usidhani hujapona. Punye kichwani mwa mtoto haiponi kwa krimu, inataka dawa ya kunywa. Na ule muwasho unaowaamsha usiku wewe na kila mtu nyumbani huenda ni upele, na upele unatibiwa nyumba nzima siku moja, hata asiyejikuna.

Limebaki moja ambalo silifanyii utani. Ukiona mstari mweusi au wa kahawia kwenye kucha moja, unapanuka, au weusi unamwagikia kwenye ngozi ya pembeni, usiupake chochote na usingoje mwezi ujao. Bob Marley alikuwa na doa kwenye kidole gumba cha mguu lililodhaniwa ni jeraha la mpira. Mwaka 1977 likagundulika ni saratani ya ngozi chini ya kucha, na Mei 1981 akafariki akiwa na miaka 36. Wengi hawana saratani, wengine wamezaliwa na mistari hiyo kwenye kucha kadhaa. Lakini anayeweza kukuambia hivyo ni aliyeitazama kwa karibu. Akiwa ameinama, sio upande wa pili wa meza.

Kwako wewe wa juzi usiku: toa rangi ya kucha, acha kila unachopaka, na usiikate kabla ya kwenda. Najua inakuaibisha. Mwachie daktari aikate mwenyewe, kutoka nyuma. Ukipata jibu la maabara niandikie, ndipo tuzungumze majina.

Yangu ya mguuni imechukua miezi 15 tangu kidonge cha mwisho. Ya mkononi bado ina vitobo vyake, inatibiwa kivyake, inapanda na kushuka. Jana niliipaka rangi, nyekundu ileile.