Iron Lung: gemu la saa moja lililonirudisha kwenye ngarawa ya ami yangu

Nimeliona swali lako, ndugu yangu. Unatafuta gemu la kutisha la mambo ya anga na sayansi, liwe fupi, la kumaliza usiku mmoja, na mtu amekutajia Iron Lung. Umeangalia video dakika tano ukamuona mchezaji amesimama ndani ya chumba cha chuma anabonyeza vitufe, hakuna zimwi, hakuna kukimbizana, sasa unauliza kuna nini cha kuogopa hapo. Mimi nimelicheza mara mbili hapa Wete, Pemba, na nataka nikujibu kwa urefu, maana jibu fupi halitokusaidia.

Hadithi kwanza. Mtengenezaji ni David Szymanski, yule aliyetengeneza DUSK, gemu la kupiga risasi, na gemu hili lilitoka Machi 2022. Nyota zote na sayari zote zinazokalika zimetoweka ghafla, wamebaki wale tu waliokuwamo ndani ya vyombo na vituo vya angani. Kwenye mwezi mmoja usio na uhai, AT-5, imegunduliwa bahari ya damu. Wewe ni mfungwa. Umetiwa ndani ya nyambizi ndogo iliyochakaa, ukachomelewa humo, na dirisha la mbele limezibwa kwa chuma kwa sababu ya kina unachopelekwa. Ukipiga picha za sehemu zote ulizoagizwa, umeahidiwa kuachiwa huru.

Hilo dirisha lililozibwa ndilo gemu lenyewe. Mbele yako una vitufe vya kwenda, kurudi na kugeuka, na namba tatu: X, Y na pembe unayoelekea. Una ramani. Una vitaa vinavyowaka na kulia ukikaribia mwamba, na kadiri unavyosogea ndivyo mlio unavyozidi kwenda mbio. Ukitaka kuona kilichopo nje inabidi uache vitufe vya mbele, utembee hatua chache hadi nyuma ya chombo, ubonyeze kamera, usubiri. Inakuja picha moja tu, imejaa chembechembe kama televisheni ya zamani iliyokosa antena. Na ukishaitazama ujue kitu kimoja: hivyo ndivyo palivyokuwa ulipobonyeza. Sasa hivi pakoje, hujui.

Nilipokuwa skuli nikifuatana na ami yangu kuvua mshipi usiku, nje ya kisiwa cha Fundo. Ami alikuwa na bildi, kipande cha risasi kwenye kamba ndefu yenye mafundo kila pima moja. Mchana alikuwa akikijua kipwa chake kwa kulinganisha minazi ya ufukweni, lakini usiku wa giza alikuwa akiteremsha bildi na kusikiliza kwa kidole. Kwenye mchanga risasi inatua kimya. Kwenye mwamba inagonga, na ule mtikisiko unapanda na kamba mpaka kwenye mfupa wa kidole. Usiku mmoja alinipa mimi niteremshe. Nikahesabu mafundo: sita, saba, nane, pale palipotakiwa pagonge. Haikugonga. Tisa, kumi, kumi na mbili, kamba ikenda mpaka ikanimalizikia mkononi, na risasi bado inavuta chini. Mkondo ulikuwa umeshatutoa kwenye mwamba bila ya sisi kujua, tukawa juu ya kilindi. Mkondo wa Pemba, huko katikati, kina chake ni karibu mita 800. Ami hakusema neno, alishika kafi tu. Hakikutokea kitu chochote usiku ule, tulirudi salama na samaki wetu. Lakini ile kamba inayovuta kuelekea mahali nisipopaona sijaisahau hadi leo.

Iron Lung ni ile kamba. Sijui nikueleze vipi zaidi ya hivyo. Huogopi kile unachokiona. Unaogopa kwa sababu kila unachokijua umekipata kwa kupapasa, kwa namba na kwa sauti, na kazi inakulazimisha uendelee mbele. Mita 10 tu za maji zinaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, na gemu linakufanya uuhisi uzito huo bila ya kukuhutubia. Chuma kinalia. Mara kinanung'unika taratibu, mara kinagonga mara moja tu, tena upande ambao vitaa havionyeshi kitu.

Hapo pa kugonga ndipo paliponikamata. Nilikuwa nimeshapiga picha tatu au nne, nimeanza kujiona nahodha, nazunguka kona kwa kuhesabu pembe bila ya wasiwasi. Pakagonga nyuma yangu. Kitaa hakikuwaka, maana yake hapakuwa na mwamba. Nilikaa mkono juu ya kitufe cha kwenda mbele, nikajiambia niende zangu, picha ya hapa haikuagizwa. Kisha miguu ikanipeleka kwenye kamera. Sikwambii nilichokiona, nitakuharibia. Nitakwambia nilichokifanya: nilipiga picha ya pili hapo hapo, na ile ya pili ilikuwa tupu. Maji matupu. Mwili ulinisisimka wote, nikavua hedifoni nikasimama kwanza. Ile tupu ndiyo iliyonitisha kuliko ya mwanzo.

Yapo mambo ambayo sikuyapenda. Kuna kompyuta humo ndani yenye maelezo ya kusoma, yote kwa Kiingereza, na asiyekisoma vizuri atalikosa fungu kubwa la hadithi. Nilipomwita mdogo wangu acheze ilibidi nikae pembeni nimfasirie, na khofu ikifasiriwa hupoa. Jengine, mara ya pili halitishi kama mara ya kwanza. Ukishajua nini kinagonga na wapi, inabaki kazi ya kuendesha chombo tu. Lakini wanaolalamika kwamba ni fupi siwaungi mkono. Saa moja, au saa na nusu kwa mtu mwenye kusitasita kama mimi, ndicho kipimo chake. Lingekuwa la saa sita ungeshazoea, na ukizoea limekwisha.

Nna neno moja kwa wenzangu wa hapa kwetu. Juni 2023 ile nyambizi ya Titan ilipopotea na watu watano ikienda kwenye mabaki ya Titanic, wanunuzi walilikimbilia gemu hili, na Szymanski mwenyewe alisema wazi kwamba jambo hilo halimkai vizuri. Nilimuelewa. Sisi tuna usiku wetu wa Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikija Pemba, na nyumba nyingi za Pemba bado zina nafasi ya mtu ambaye hakurudi. Kama yako ni mojawapo, au unaye wa hivyo humo ndani, tafadhali cheza mlango umefungwa na hedifoni masikioni, usimfanye mtu mwengine asikie ule mlio wa chuma na maji bila ya kupenda. Na kama moyo wako unakataa, uache. Gemu halitokwenda popote.

Ukiamua kucheza, mashine isikutie wasiwasi. Picha zake zimetengenezwa kwa mtindo wa magemu ya zamani, na laptopu yangu isiyo na kadi maalumu ya picha ililiendesha bila ya kukwama. Bei yake kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, iko chini ya dola 10. Usiangalie video nyengine yoyote, hiyo dakika tano uliyoiona inatosha. Chukua daftari la hesabu lenye miraba na penseli, uandike X, Y na pembe ya kila sehemu kabla hujaanza kusogea, kisha uchore njia yako kila unapopita. Geuka kwanza, ndipo uende. Ukifanya vyote kwa pamoja utapotea kwenye njia nyembamba. Kitaa kikianza kulia, wacha kitufe mara moja na usubiri, kwa sababu chombo hakisimami papo hapo. Na picha piga nyingi, hata pasipoagizwa. Hiyo ndiyo bildi yako.

Cheza baada ya Isha, taa zimezimwa. Ukipotea kabisa, niandikie hapa X yako, Y yako na pembe unayoelekea. Daftari langu bado ninalo, nitakwambia ugeukie wapi.