Maktaba Imesakinishwa, Mbona Programu Haiioni?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Wete, Pemba, na ninatunza hesabu za ushirika wa wakulima wa karafuu. Uzito na malipo ya kila mkulima tumeviweka katika faili moja la XML (maandishi yenye data iliyopangwa kwa lebo) ambalo sasa limefika megabaiti 300. Programu niliyoiandika kwa lugha ya C ilikuwa ikiganda kila ninapolifungua faili hilo kwenye kompyuta yetu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, kwa hiyo nikakiondoa kifurushi cha libxml2-dev (cha kujengea programu zinazotumia libxml2, maktaba ya msimbo wa kusomea XML) kilichokuja na mfumo wetu wa Debian na kuamua kujenga toleo jipya la libxml2 kutoka msimbo chanzo. Umeme ulikatika katikati ya "make", amri ya kujenga. Uliporudi niliendelea pale pale, nikaona onyo la "Clock skew detected" (saa za mafaili hazilingani), nikalipuuza, na "make install" ikamalizika bila kosa. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, ikalalamika kuwa haioni libxml/parser.h, nikainakili folda ya libxml ndani ya /usr/include, ikaridhika. Sasa kila nikiiendesha programu naambiwa hivi, yaani maktaba haifunguki:

error while loading shared libraries: libxml2.so.16: cannot open shared object file

Rafiki yangu amenishauri niifute libxml2.so.2 ya zamani na mahali pake niweke kiungo chenye jina hilo hilo kinachoelekea kwenye faili jipya. Je, nifanye hivyo?

JIBU: Waalaykum salaam. Tafadhali usifanye hivyo. Ushauri huo una kasoro mbili, na ya kwanza peke yake inatosha kuukataa, nayo ni kwamba hautibu kosa ulilonalo. Programu yako haitafuti libxml2.so.2; inatafuta libxml2.so.16, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyounganishwa nayo ulipoikompaili.

Kasoro ya pili ndiyo ya hatari. Maktaba ya libxml2, ambayo Daniel Veillard aliianzisha kwa ajili ya GNOME (mradi wa mazingira ya eneo-kazi la Linux) na ambayo hutolewa kwa leseni huria ya MIT, ilidumu na nambari 2 mwishoni mwa jina la faili lake kwa zaidi ya miaka 20, mpaka toleo la 2.14 la mwaka 2025 lilipoipandisha hadi 16. Kwa nambari hiyo waandishi wa maktaba wanatangaza kwamba namna maktaba inavyowasiliana na programu imebadilika, na kwamba programu iliyokompailiwa kwa ajili ya 2 isitarajie kuelewana na 16. Kuipa 16 jina la 2 ni sawa na kuandika "karafuu" juu ya gunia la makonyo, yaani vikonyo vya karafuu: mzigo utapita mlangoni, na ugomvi utaanza gunia likifunguliwa. LibreOffice na programu nyingine za mfumo wako zinaitegemea ile ya zamani, na hizo ndizo zitakazoanza kugoma au kuanguka katikati ya kazi, bila ya wewe kujua chanzo chake.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Wengi hudhani kwamba maktaba ikishasakinishwa basi kompyuta nzima inaijua ilipo. Ukweli ni kwamba inatafutwa mara tatu, na watafutaji watatu tofauti, kila mmoja kwa njia yake. Wa kwanza ni kompaila, ambayo inataka mafaili ya hedaa ili ijue majina ya vitendaji na aina za data. Wa pili ni kiunganishi, ambacho kinalitafuta faili la maktaba na kuandika ndani ya programu yako jina la maktaba itakayohitajika baadaye. Wa tatu ni kipakiaji, ambacho huamka kila unapoiendesha programu, hulisoma jina lile na kwenda kuitafuta maktaba upya, kana kwamba hao wawili hawakuwahi kuwapo. Wewe umefaulu kwa wawili wa mwanzo na umekwama kwa wa tatu. (Ulifanya vyema kukiondoa libxml2-dev mapema. Kama kingebaki, kiunganishi kingeweza kuichukua maktaba ya zamani huku kompaila ikisoma hedaa mpya, na kosa la namna hiyo ni gumu kulifumbua kuliko hili.)

Kipakiaji hakizunguki diski nzima. Pamoja na folda chache za msingi, kinategemea daftari lake, yaani faili la /etc/ld.so.cache. Mfikirie karani wa ghala ambaye hainuki kitini kwenda kutazama magunia, bali hufunua daftari, na kisichoandikwa humo kwake hakipo. Ulipotumia "make install" bila kutaja mahali, maktaba iliwekwa ndani ya /usr/local/lib, lakini daftari halikuandikwa upya. Katika Debian folda hiyo tayari imo katika orodha ya zinazokaguliwa, kwa hiyo amri hizi mbili zinatosha, ya kwanza kuliandika daftari na ya pili kuhakikisha:

sudo ldconfig
ldd ./karafuu

Ya pili, ambayo nimeiandika kwa kudhani kuwa programu yako inaitwa karafuu, itakuonyesha kila maktaba inayohitajika na mahali ilipopatikana. Kabla ya ldconfig utaona "not found" mbele ya libxml2.so.16, baada yake utaona njia kamili ya faili.

Hata hivyo, nisingekushauri uishie hapo, kwa sababu nina shaka na hicho ulichokisakinisha. Onyo la saa ulilolipuuza lina uzito kuliko linavyoonekana. Amri ya "make" haikumbuki imefika wapi. Kila mara inalinganisha saa ya faili la msimbo na saa ya faili lililotokana nalo, na la pili likiwa jipya zaidi inaamini kazi imekwisha. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, linaweza kubaki nusu au tupu kabisa huku saa yake ikiwa mpya, na "make" ikalipita. Na kama saa ya kompyuta yenyewe ilirudi nyuma baada ya umeme kukatika, jambo ambalo aghalabu husababishwa na ile betri bapa ya CR2032 iliyomo ndani kwisha nguvu, basi mafaili ya kabla ya kukatika yanaonekana yametoka siku zijazo na hesabu yote inavurugika. Badilisha betri, kisha rekebisha saa kwa "sudo date -s" na uihifadhi kwa "sudo hwclock --systohc". Ukianza upya bila kuirekebisha, huenda "configure", hatua ya kuandaa ujenzi, yenyewe ikakataa kuendelea, ikidai kuwa faili ililoliunda sasa hivi ni la zamani kuliko yale yaliyokuja na kifurushi.

Saa ikishakaa sawa, safisha ulichokiacha. Hedaa ulizozinakili kwa mkono hazina mwenyewe, kwa maana hakuna chombo kitakachozisasisha wala kuziondoa, na siku utakaporudi kwenye toleo jingine zitaidanganya kompaila. Andika "dpkg -S /usr/include/libxml". Ukijibiwa kuwa hakuna kifurushi kinachoimiliki njia hiyo, basi folda hiyo ni yako na unaweza kuifuta kwa usalama. Angalia usiichanganye na /usr/include/libxml2, ambayo ni mahali pa hedaa za Debian. Kisha ingia katika folda ya msimbo chanzo na uandike moja baada ya nyingine:

sudo make uninstall
make distclean
./configure --prefix=/opt/libxml2 --without-python
make
make check
sudo make install

Mpangilio huu una maana. Ukianza na "distclean" utakuwa umelifuta faili la Makefile ambalo "uninstall" inalihitaji. Kwa --prefix maktaba yako inapata nyumba yake peke yake, mbali na ya mfumo, na siku ukiichoka unaifuta folda moja tu. Nimeondoa sehemu ya Python kwa kuwa huitumii. Na "make check", ambayo watu wengi huiruka kwa haraka, ndiyo itakayokuambia kama umeme umekuharibia tena, ikishindwa, usisakinishe.

Sasa lile tatizo la parser.h. Hedaa za libxml2 hukaa ngazi moja chini ya mahali kompaila inapochungulia, ndani ya include/libxml2, na ndiyo maana haikuziona. Badala ya kunakili, iulize maktaba yenyewe ilipo kwa kutumia pkg-config:

export PKG_CONFIG_PATH=/opt/libxml2/lib/pkgconfig
gcc karafuu.c -o karafuu $(pkg-config --cflags --libs libxml-2.0) -Wl,-rpath,/opt/libxml2/lib

Kipande cha mwisho, -rpath, kinaandika ndani ya programu njia ya kufuata wakati wa kuendeshwa, kwa hiyo kipakiaji hakitalihitaji daftari tena kwa maktaba hii.

Limebaki jambo moja ambalo hukuniuliza. Sidhani kama toleo jipya litakuondolea kuganda. Programu inayofungua faili kwa xmlReadFile inajenga mti mzima wa data ndani ya kumbukumbu, na mti huo huwa mkubwa mara kadhaa kuliko faili lenyewe. Kwa megabaiti 300, gigabaiti zako 2 zinaweza kujaa, na kompyuta ikaanza kuhamishia mzigo kwenye diski. Kisomaji cha hatua kwa hatua, kinachosoma faili kidogo kidogo bila kujenga mti mzima, kipo katika libxml2 tangu miaka mingi, hata katika ile ya Debian ambayo kifurushi chake cha -dev umekiondoa, na pengine "sudo apt install libxml2-dev" ingekutosha bila ya kujenga chochote. Fungua faili kwa xmlReaderForFile, sogea kwa xmlTextReaderRead mpaka ufike kwenye elementi ya mkulima, ita xmlTextReaderExpand ili upate tawi lake peke yake, chukua uzito na malipo yake, kisha mruke kwa xmlTextReaderNext uende kwa anayefuata.