Fika Kabla ya Bendi Kuu

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilijinyima karibu muhula mzima ili nikaione bendi moja kubwa uwanjani. Nilisimama mbali mno, mwimbaji akaonekana kama njiti ya kiberiti inayorukaruka, na muda mwingi macho yangu yalikuwa kwenye skrini. Hata skrini haikunisaidia: mkono wa mpiga drams ulishuka, kisha mlio ukanifikia baadaye. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 170 kutoka kwenye spika huisikia nusu sekunde nzima baada ya tukio. Nilirudi bwenini nikawasimulia wenzangu kuwa ilikuwa raha isiyo kifani. Ningesema nini, na pesa yote ile ilishakwenda?

Wiki chache baadaye nilikwenda kwenye ukumbi mdogo kuisikiliza bendi nyingine niliyoipenda. Tiketi niliisoma vibaya, nikafika saa moja na nusu kabla ya wakati. Ndani tulikuwa watu kama ishirini, na nusu yao walikuwa wafanyakazi wa ukumbi. Wakapanda watu watatu bila hata kutangazwa: gitaa, besi, drams. Wimbo wa pili ulipofika katikati nikagundua kuwa nimesogea hadi ukingoni mwa jukwaa, wala sikumbuki miguu yangu iliondoka lini. Bendi iliyonipeleka pale ilipopanda baadaye ilipiga vizuri tu, lakini mimi nilikuwa bado nawawaza wale watatu.

Kwa hiyo wewe unayeanza chuo mwaka huu, na unaupenda muziki kuliko mfuko wako unavyoweza kuubeba, ushauri wangu wa kwanza ni huo: fika mlango unapofunguliwa. Kiingilio umeshalipa, na wanaofungua jukwaa, yaani wanaopiga kabla ya bendi kuu, wamo ndani ya kiingilio hicho. Mara nyingi wamechaguliwa na bendi kuu yenyewe, au na mtu wa ukumbi ambaye kazi yake ni kusikiliza bendi changa mwaka mzima. Si kila mara chaguo linakuwa zuri. Nimesimama mbele ya bendi za kufungua zilizonifanya nihesabu taa za darini. Lakini mwaka 1967, huko Marekani, Jimi Hendrix, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa wapiga gitaa wakubwa kuliko wote, alikuwa akiwafungulia jukwaa The Monkees, bendi ya pop iliyopendwa na vijana, na vijana waliojaa ukumbini walikuwa wakipiga kelele kumtaka apishe. Baada ya maonyesho machache tu akajitoa kwenye ziara hiyo. Hebu fikiria yule aliyechelewa makusudi kwa sababu mfunguzi hamjui.

Kuna usiku mwingine ninaopenda kuwasimulia wanafunzi. Tarehe 4 Juni 1976, mjini Manchester, vijana wawili waliokuwa wamekutana katika chuo cha ufundi cha Bolton, Howard Devoto na Pete Shelley, walikodi ukumbi mdogo na kuwaleta Sex Pistols, bendi ya muziki wa punk, kutoka London, kwa sababu walitaka kuwasikia na hakuna mwingine aliyekuwa na mpango huo. Inakadiriwa watu waliohudhuria walikuwa kama arobaini hivi. Miongoni mwao walikuwapo Bernard Sumner na Peter Hook, waliotoka wakiwa na nia ya kuunda bendi yao, ambayo baadaye ikawa Joy Division, moja ya bendi mashuhuri za mji huo. Devoto na Shelley wenyewe walikuwa waanzilishi wa bendi ya Buzzcocks. (Miaka iliyofuata, idadi ya watu wanaodai kuwa walikuwa ndani usiku ule imezidi ukubwa wa ukumbi mara nyingi. Ndivyo watu walivyo.) Ninachokitazama mimi ni kwamba ukumbi ulikodiwa na vijana wa umri wako. Kama chuo chenu kina kamati ya burudani, jiunge nayo hata kama kazi utakayopewa ni kupanga viti na kukunja nyaya. Nilikunja nyaya miaka miwili. Sikulipa kiingilio hata mara moja katika muda huo, nikajifunza kwa nini fundi mitambo, yule anayesawazisha sauti, hukasirika, na nikasikia bendi nyingi zikijaribu vyombo mchana, wakati hakuna wa kumvutia na kila mtu anapiga anachokipenda moyoni.

Sasa, bendi mpya utazijuaje? Programu za kusikiliza muziki zitakuletea nyimbo zinazofanana na ulizokwisha kuzipenda. Ni msaada, siukatai, ila baada ya miezi sita utajikuta unazunguka mtaa uleule. Mimi hufuata watu. Ukipenda bendi fulani, mtafute mpiga drams wake anapiga na nani tena, kwa kuwa wapiga drams ni wachache na kila mmoja huwa na bendi mbili tatu. Mtafute aliyerekodi albamu hiyo, uone amewarekodi akina nani wengine. Kisha kuna njia ya mkato ambayo wengi huionea haya: baada ya onyesho, bendi ndogo husimama wenyewe kwenye meza ya kuuza fulana na rekodi zao. Nenda uwaulize, "Siku hizi mnamsikiliza nani?" Sijawahi kukutana na mwanamuziki aliyelikwepa swali hilo. Wamechoka kuulizwa jina la bendi lilitoka wapi, lakini hili la kuwataja wenzao wanalijibu kwa furaha, wakati mwingine wanakuandikia majina mkononi. Orodha ya namna hiyo moja ilinitosha mwaka mzima.

Redio za wanafunzi nazo usizipite. KCMU ilianza mwaka 1972 kama redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, jijini Seattle. Kim Thayil, mpiga gitaa wa bendi ya rock ya Soundgarden, alikuwa mtangazaji pale, na redio hiyo ndiyo leo inayoitwa KEXP, ambayo video zake za bendi zikipiga studioni zinatazamwa kila pembe ya dunia. Mtangazaji wa redio ya wanafunzi halipwi, hana bosi wa kumwambia apige nini, na ana hamu ya kukuonyesha kuwa amesikia kitu ambacho hujakisikia. Majivuno hayo yana faida kwako. Chagua mtangazaji mmoja ambaye ladha yake inakukera kidogo, umsikilize wiki nne mfululizo. Huko Uingereza mtangazaji John Peel alifanya kazi hiyo katika BBC Radio 1 tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2004, na bendi nyingi zilisikika redioni kwa mara ya kwanza kwake. Wasikilizaji wake hawakupenda kila alichopiga. Walimwamini tu.

Kumbi ndogo pia zina tabia. Ukizitazama ratiba zao miezi miwili mitatu utaona ukumbi huu unapenda magitaa makali, ule unapenda bendi za tarumbeta na saksafoni, mwingine hauna msimamo wowote. Chagua kumbi mbili zinazokufaa. Kila mwanzo wa mwezi soma ratiba yote, sikiliza wimbo mmoja mmoja wa kila jina usilolijua, halafu nenda kwa moja tu. Nasisitiza wimbo mmoja. Nilikuwa nikikariri albamu nzima kabla ya onyesho, kisha nikienda naisikiliza bendi kama msahihishaji wa mtihani: hapa wameruka, hapa wamepunguza mwendo. Sasa nakariri baada ya kutoka, kama wamestahili.

Nenda peke yako angalau mara moja. Mwanzoni utaona haya, utashika simu kana kwamba una jambo la maana. Itapita wimbo wa tatu. Ukiwa na wenzako watano, mmoja ana kiu, mmoja amechoka, mmoja anataka kuondoka, na usiku unakwisha mkiwa kwenye mkutano wa ndani. Ukiwa peke yako unasimama unapotaka. Ila mwambie mtu bwenini uko wapi, na njia ya kurudi ijue kabla hujaondoka. Usafiri wa mwisho unaondoka saa ngapi, hilo liulize mapema; bendi haijawahi kunisubiri mimi, na dereva hali kadhalika.

Mahali pa kusimama pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mbele kabisa katika ukumbi mdogo unasikia drams zenyewe na spika za magitaa zilizo nyuma ya wanamuziki, lakini sauti ya mwimbaji inatoka kwenye spika kubwa za pembeni na mara nyingi inakupita juu ya kichwa. Ndiyo maana watu wa mbele hulalamika kuwa maneno hayasikiki, huku wa nyuma wanaimba pamoja. Kwenye pembe za ukumbi sauti nzito ya besi hujikusanya na kuvimba hadi inafunika kila kitu. Mahali pazuri ni karibu na meza ya fundi mitambo, kwa sababu rahisi tu: anasawazisha sauti kwa masikio yake, hivyo simama penye masikio yake. Nyimbo mbili za mwisho sogea mbele kama unataka jasho na vurugu. Hata mimi husogea.

Kisha jifunze kusikiliza chombo kimoja. Anza na besi, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika. Chukua wimbo mzima, usifuate kingine chochote, tazama vidole vya mpigaji na uvisikie. Wimbo unaofuata hamia kwenye mguu wa mpiga drams, ule unaokanyaga ngoma kubwa. Utashangaa mara ngapi hao wawili wanatazamana. Bendi nyingi changa huanguka hapo kabla ya kuanguka kwa mwimbaji, na ukishaijua sehemu hiyo utaweza kumweleza mwenzako kwa nini bendi fulani imekuchosha bila kusema tu kuwa "haina mvuto".

Masikio. Hapa naomba uvumilivu, maana nililipuuza jambo hili na nikalipia. Mwaka wangu wa pili nilisimama karibu na spika kwa saa mbili nikijiona shujaa. Mlio mwembamba kama wa mbu ulibaki masikioni siku mbili, na jaribio la asubuhi iliyofuata nililifanya nikisoma midomo ya mhadhiri. Ulipokwisha nilidhani nimepona. Vinyweleo vya seli zinazopokea sauti ndani ya sikio la binadamu vikiharibika havioti tena, kwa hiyo huko si kupona kwa maana kamili. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, inakadiria kuwa sikio linavumilia desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, ukifika 100 umebaki na dakika 15. Onyesho la bendi yenye vyombo vya umeme hufika 100 bila jasho. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa kumbi za burudani kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na kwamba wahudhuriaji wapatiwe vizibo vya masikio na mahali tulivu pa kupumzikia. Ukumbi ukifuata, vizuri. Usipofuata, vizibo viwe mfukoni mwako. Vya sponji hufanya kazi, ila hula zaidi sauti za juu na muziki unakuwa kama uko chumba cha pili. Vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanamuziki vina kichujio na hupunguza sauti zote karibu sawasawa, na mara nyingi maneno husikika vizuri zaidi kuliko bila kizibo. Hicho ndicho kitu pekee ambacho ningekwambia ununue kabla ya tiketi.

Kuhusu pesa sina mengi. Tiketi moja ya uwanjani ni maonyesho mengi ya ukumbi mdogo. Fanya hesabu yako. Ukiwa na kiasi kidogo cha ziada, nunua kitu mezani kwa bendi yenyewe, maana fulana moja huwafaa kuliko kusikilizwa mtandaoni mara nyingi sana. Ukiwa huna, waambie kwamba umewapenda na uwataje kwa wenzako. Hakuna atakayekudharau, wengi wao ni wanafunzi kama wewe, au walikuwa mwaka jana. R.E.M., bendi ya rock iliyokuja kujulikana dunia nzima, walipiga kwa mara ya kwanza Aprili 1980 katika jengo lililokuwa kanisa huko Athens, Georgia, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao.

Simu nayo: piga picha moja wimbo wa kwanza, kisha iweke. Video yako ya dakika nne yenye sauti iliyopasuka hutaitazama, na aliye nyuma yako anaitazama sasa hivi bila kupenda. Badala yake, ukifika bwenini andika mistari mitatu kabla ya kulala. Nani alipiga, wimbo gani ulikushika, ulikuwa umesimama wapi. Daftari langu la miaka minne lina kurasa nyingi za bendi zisizojulikana na mtu, na kuna moja niliyoiandikia "wabaya sana" ambayo sasa naipenda. Wiki ya mitihani daftari lilikaa kabatini, isipokuwa mara moja, na somo hilo nililirudia.

Wale watatu wa usiku ule wa ukumbi mdogo walivunjika kabla sijahitimu. Walitoa rekodi moja fupi yenye nyimbo nne, nami ninayo, sauti ya besi iko juu mno na mwimbaji anakohoa mwishoni mwa wimbo wa tatu. Mpiga drams wao sasa yuko kwenye bendi nyingine, niliona jina lake kwenye ratiba ya mwezi huu, chini kabisa, kwa herufi ndogo, chini ya jina kubwa nisilolijali. Ni Ijumaa. Mlango unafunguliwa saa moja jioni.