Mwembe umelalia bati: ung'olewe?

Ndugu, umesema tawi la mwembe limelalia bati na mjomba anataka mti wote ung'olewe kabla ya masika. Usiung'oe. Tafuta fundi mwenye kamba na msumeno, umuulize tawi nene atalikataje. Akisema anaanzia juu moja kwa moja, mwache: tawi litapasuka na kuchuna gome la shina. Anayejua huanzia chini, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, akakata theluthi ya unene. Kisha hukata kutoka juu, mbele kidogo kuelekea ncha ya tawi, mpaka lianguke. Kipande kilichobaki shinani hukiondoa mwisho, bila kugusa ule uvimbe wa shingo ya tawi, pale linapoungana na shina. Oili chafu kwenye kidonda haina haja. Waya wa umeme ukipita hapo, waite Tanesco kwanza. Na mkubaliane mapema kuni ni za nani. Kwetu ugomvi huanzia hapo.