Fomu ya kujiandikisha kwa baruapepe: maswali yenu, majibu yangu

Maswali kuhusu fomu za kukusanyia anwani za baruapepe yamekuwa mengi, nami nimechagua yanayojirudia. Karibu wote mnauliza namna ya kuongeza kitu kwenye fomu. Majibu yangu mengi ni ya kupunguza.

Ndiyo kwanza najifunza kutengeneza tovuti. Fomu ya baruapepe inahitaji nini kwa uchache kabisa?

Lebo, kisanduku kimoja na kitufe. Maktaba ya JavaScript (msimbo wa ziada ulioandikwa tayari) haihitajiki. Kivinjari kinajua kufanya sehemu kubwa ya kazi hii, mradi ukiambie kisanduku hicho ni cha nini. Ukiandika `type="email"`, simu huleta kibodi yenye alama ya @ papo hapo, na kivinjari hukataa kutuma maandishi yasiyofanana na anwani. Ukiongeza `autocomplete="email"`, mtu aliyekwisha kuhifadhi anwani yake huigusa mara moja tu na kisanduku kikajaa. `required` huzuia fomu tupu isitumwe. HTML5, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ilipitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2014, kwa hiyo mambo haya vivinjari vya leo vinayafahamu vyema.

Lebo ndiyo inayoachwa zaidi, na inaniuma kila ninapokuta fomu isiyo nayo. Watu huandika "Baruapepe yako" kwa rangi hafifu ndani ya kisanduku wakadhani wamemaliza. Maandishi yale hutoweka mara tu mtu anapoanza kuandika, na mara nyingi ni mepesi mno kusomeka juani. Weka elementi ya `label` yenyewe, uifunge na kisanduku kwa `for` na `id`. Programu inayomsomea skrini mtu asiyeona itamtajia kisanduku ni cha nini, na mwenye vidole vizito akigusa neno badala ya kisanduku, kisanduku kitafunguka vilevile.

Mambo mawili madogo. Ukubwa wa herufi ndani ya kisanduku usipungue pikseli 16, maana chini ya hapo Safari ya iPhone hukuza ukurasa wote mtu anapokigusa kisanduku, na mtumiaji hubaki akiuhangaikia ukurasa uliomkimbia. Na fomu itumwe kwa `method="post"`. Ukitumia `get`, anwani ya mtu huandikwa kwenye anwani ya ukurasa, ikabaki katika historia ya kivinjari na katika kumbukumbu za seva (kompyuta inayohifadhi tovuti).

Mkuu wangu anataka tuulize jina, simu, mji na umri. Nimwambie nini?

Mwulize kila jibu litatumika kwenye barua ipi. Lisilo na barua, litoke. Jina mnaweza kuliomba baadaye, mtu akishajiunga na kuona faida yake.

Nimenakili kanuni ndefu ya kukagua kama anwani ni sahihi. Sasa watu wananilalamikia kwamba anwani zao zinakataliwa.

Ifute. Kanuni za namna hiyo nyingi ziliandikwa na watu walioamini kwamba baada ya nukta ya mwisho huja herufi mbili hadi nne tu. Kikoa cha .museum kipo tangu 2001, na leo viko vikoa virefu kuliko hicho. Nyingine hukataa alama ya kujumlisha, ilhali wapo wanaoandika jina+habari@ mbele ya kikoa chao (jina lililo baada ya @) ili barua zijipange zenyewe, na anwani hiyo ni halali kabisa. Nyingine hukataa kistari au nukta mahali panaporuhusiwa.

Kagua machache: kuna @ moja inayotenganisha pande mbili, kila upande una kitu, na jumla haizidi herufi 254, ambao ndio ukomo wa anwani inayoweza kupelekwa. Ondoa nafasi zilizobaki mwanzoni na mwishoni, kwa sababu kibodi za simu hupenda kuacha nafasi baada ya neno zililolipendekeza. Ukaguzi huu urudie kwenye seva, kwani wa kwenye kivinjari yeyote anaweza kuuruka.

Na ujumbe wa kosa uwe wa msaada. "Ingizo batili" halimsaidii mtu. Andika "Anwani haina alama ya @", chini ya kisanduku chenyewe, na usifute alichokwisha kuandika.

Je, ni lazima nimtumie mtu barua ya kuthibitisha kabla ya kumwingiza kwenye orodha?

Si kila nchi inaidai kisheria, lakini mimi nisingejenga fomu bila hatua hiyo. Hakuna ukaguzi wa herufi unaoweza kukuambia kama anwani ni ya aliyeiandika. Mtu anaweza kukosea herufi moja, na barua zako zote zikaenda kwa mgeni. Anaweza pia kuandika anwani ya mwenzake kwa makusudi ili kumsumbua. Barua ya kuthibitisha huyamaliza yote mawili.

Inavyokwenda ni hivi. Seva inahifadhi anwani ikiwa na hali ya "inasubiri", inatengeneza tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi zisizo na mpangilio usioweza kukisiwa, kisha inatuma kiungo chenye tokeni hiyo. Mwenyewe akithibitisha, hali inabadilika. Asipothibitisha baada ya siku chache, anwani inafutwa.

Hapa kuna shimo ambalo wengi hutumbukia. Baadhi ya mifumo ya usalama wa baruapepe, hasa ya maofisini, hufungua viungo vyote vilivyomo kwenye barua kabla mwenye barua hajaiona, ili kukagua kama vina hatari. Ikiwa kiungo chako kinathibitisha papo kwa papo kinapofunguliwa, mashine itakuwa imethibitisha kwa niaba ya mtu ambaye hata hajaisoma barua. Fanya kiungo kifungue ukurasa wenye kitufe kimoja, "Ndiyo, niandikishe", na uthibitisho utokee mtu anapokibonyeza kitufe hicho kinachotuma kwa `post`.

Jambo jingine: baada ya mtu kutuma fomu, onyesha ujumbe uleule kwa kila mtu, awe mpya au aliyekwisha jiunga. "Angalia baruapepe yako, tumekutumia maelekezo" unatosha. Ukiandika "Anwani hii tayari imo", umempa mgeni yeyote njia ya kuchungulia nani yumo kwenye orodha yako. Kwa orodha ya mambo ya afya au ya siasa, hilo linaweza kumletea mtu madhara makubwa.

Roboti zinanijazia anwani za uongo kila usiku. Niweke CAPTCHA, lile jaribio la kuthibitisha kwamba mgeni ni mtu?

Anza na mtego. Ongeza kisanduku cha pili ambacho CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa) inakificha machoni mwa watu, ukipe jina la kuvutia kama "website". Roboti nyingi hujaza kila zinachokikuta, kwa hiyo fomu iliyokuja na kisanduku hicho kimejaa, seva iitupe kimyakimya. Ukiwekee `tabindex="-1"`, `autocomplete="off"` na `aria-hidden="true"`, la sivyo utamnasa mtu anayetumia kibodi, kijazaji cha kivinjari au kisoma skrini. Kisha weka kikomo cha maombi kutoka anwani moja ya IP (namba ya kifaa mtandaoni) ndani ya dakika kadhaa. Hili linazuia pia fomu yako isigeuzwe mtambo wa kumfurikia mtu barua za kuthibitisha.

CAPTCHA za picha, zile za kuchagua taa za barabarani, ziwe za mwisho kabisa. Zinamgharimu kila mgeni wako mwaminifu muda, na asiyeona vizuri zinaweza kumfungia nje.

Nijenge mwenyewe upande wa seva au nitumie huduma ya kutuma barua?

Kwa wengi wenu, tumieni huduma. Kutunza orodha, kushughulikia barua zinazorudi na watu wanaojitoa ni kazi ya kila siku, na kuna watu waliojifunza kuifanya vizuri. Ila msichukue msimbo wao wa kubandika kama ulivyo. Mara nyingi huja na skripti nzito na mitindo inayogombana na ya tovuti yenu. Chukueni `action` ya fomu yao (anwani ambako fomu hutumwa) na majina ya visanduku, mengine mwandike wenyewe.

Mkitumia API yao (njia ya programu yenu kuzungumza na mfumo wao), ufunguo wa siri ukae kwenye seva. Nimeona funguo zikiwa wazi ndani ya JavaScript ya ukurasa, mahali ambapo yeyote anayejua kufungua msimbo wa ukurasa anazisoma, na ufunguo wa namna hiyo huweza kupakua orodha nzima.

Kisanduku cha kukubali kupokea barua kinaweza kuwa na tiki tayari?

Hapana. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hivyo tarehe 1 Oktoba 2019 katika kesi ya Planet49: tiki iliyowekwa kabla si ridhaa. Hata pasipo na sheria hiyo, mtu ambaye hakuchagua ndiye atakayeibandika barua yako alama ya taka (spam). Hifadhi pia tarehe, saa na maneno aliyoyaona alipokubali. GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi inayotumika tangu Mei 2018, inamtaka anayekusanya data aweze kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa.

Fomu inafanya kazi, lakini barua ya kuthibitisha inaangukia kwenye taka.

Hapo tatizo limeshatoka kwenye fomu, liko kwenye kikoa chako. Kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa chako, weka rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazosaidia kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Huduma unayoitumia itakupa maandishi ya kubandika. Mwaka 2024 Gmail ilianza kuzidai zote tatu kwa anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye anwani zake, pamoja na njia ya kujitoa kwa mguso mmoja, na ikataka malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Mtumaji mdogo naye anadaiwa angalau SPF au DKIM. Tuma kutoka anwani ya kikoa chako mwenyewe, na barua ya kuthibitisha iwe fupi, isiyo na picha wala tangazo, yenye kiungo kimoja. Kisha jiandikishe mwenyewe kwa anwani za watoa huduma wawili au watatu tofauti uone inatua wapi kabla hujaitangaza fomu.